Vinywa vya Rafu ya Juu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi anavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza meno bandia katika kliniki yetu. Wengi mtaani wanatafuna kwa hisani yake, na baadhi yao hata asante hawajasema.

Desturi yake tunaijua wote. Kila gunia jipya la plasta likifunguliwa, hulijaribu kwanza kwa kumimina sanamu ya meno yake mwenyewe, kisha huipanga kwenye rafu ya juu, karibu na zilizotangulia. Wageni hudhani ni vinywa vya wagonjwa mbalimbali. Kumbe ni yeye tu, safu nzima, anatukenulia meno bila uso.

Msafishaji ndiye aliyegoma kwanza. Alisema kile kinywa cha rafuni kinajifunga chenyewe, na rafu ile haipangusi tena. Tulimcheka sana. Shangazi alidai plasta inavimba, akamrudishia muuzaji gunia lake na kumpa vidonge vyake. Gunia jingine likaja, na meno ya sanamu yakazidi kuwa mafupi.

Wakati huohuo alianza kuziba mdomo kwa mkono kila akicheka, halafu akaacha kucheka kabisa. Tukasema haya ni maringo ya kukaribia kustaafu.

Siku moja daktari wetu wa meno alizishusha sanamu zote mezani. Kutoka kushoto kwenda kulia, ufizi ulikuwa ukiyafunika meno kama mtu anayejivutia shuka, mpaka kwenye sanamu ya mwisho zikabaki ncha tu. Plasta haikuwa na kosa lolote. Daktari akamgeukia.

"Shangazi, unakunywa dawa gani?"

Ni dawa ya presha, aliyoanzishiwa mwaka juzi. Baadhi ya watu huwaotesha ufizi hivyo, kimyakimya. Shangazi alitaka kuitupa palepale. Aliogopa kuondoka hapa kibogoyo, yeye aliyewapa meno watu wote hao. Daktari alimkatalia katakata, akampeleka kwa daktari wake wa presha, akabadilishiwa dawa. Nyama iliyozidi ikakatwa.

Jumatatu alijaribu gunia lake la mwisho. Meno yote yapo, marefu, yanacheka. Msafishaji ameipangusa rafu, ingawa bado haipi mgongo.

Shangazi, asante kwa kazi ya mikono yako. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Rafu yako hatuigusi. Nawe ukicheka huko nyumbani, mkono uache mapajani.