Oili Nyeusi na Mtu Niliyemwita Mwizi

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu wa malori, asalaam aleikum, na wa Bwana asifiwe nawaitikia. Mwenyekiti kaniomba niongee kwa upole. Sitaweza. Nina hasira, na nyingi ni ya nafsi yangu.

Lori langu la mkonge mnalijua, ndilo linalolisha wanangu pale Mabawa. Na desturi yetu mnaijua: asubuhi unachomoa stiki ya kupimia oili, unaisugua oili kwa vidole, ikiwa nyeusi unasema imekufa. Nani hapa hafanyi hivyo?

Basi niliweka oili nzuri ya dizeli. Wiki moja tu, nyeusi tii! Nikamkaba dereva wangu: umeuza oili yangu, umenijazia oili chafu. Akasema, "Bosi, oili ya dizeli lazima iwe nyeusi. Inabeba masizi." Sikumsikiliza. Nilimwita mwizi humu humu ukumbini, nanyi mkapiga makofi. Nikamfukuza.

Muuzaji mmoja akaniletea nyingine. "Hii haichafuki, tajiri." Kweli, ikakaa inang'aa kama asali, nami nikatamba mji mzima. Ndugu zangu, nawaambia, siku injini ilipogonga karibu na Segera, mchana kweupe, mzigo juu, nilikaa chini barabarani nikalia.

Fundi mmoja wa Nguvumali, mwanamke, ndiye aliyeifungua. Ndani matope meusi, mazito. Akakata chujio la oili, vipande vya chuma vinameta. Akaniambia, "Kaka, masizi hayaendi mbinguni. Oili isipoyabeba yanabaki humu, chuma kinasagika." Nikabisha, wallahi nilibisha! Akapeleka chupa mbili maabara, ya oili ile nyeusi iliyobaki kwenye dumu langu na ya hii ya muuzaji. Majibu yakaja vilevile alivyosema yeye. Na alivyosema dereva wangu.

Muuzaji yule namwachia Mungu. Fundi, dada yangu, ahsante. Leo kila nikibadilisha oili, chupa moja inaenda kupimwa. Nanyi fanyeni hivyo, vidole hivi havijui kitu.

Lakini injini imepona, mtu je? Tangu siku ile hakuna aliyempa dereva wangu lori, kwa maneno yangu. Hata hivyo aliposikia nimekwama alikuja, bila kuitwa, akatusaidia kuishusha injini. Yule pale, kakaa mlangoni. Mdogo wangu, simama. Hukuiba hata tone. Nisamehe.

Na nyie mlionipigia makofi mimi siku ile, mpigieni yeye sasa. Nasubiri.