Meli ya Baba Yenu Ndani ya Kioo

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuwaona wote watatu, na wewe wa kati acha kunipangia vidonge kana kwamba nina mpango wa kuvimaliza. Nina maneno ya kuwaachia, na pumzi niliyobaki nayo haitoshi kuyarudia, kwa hiyo anayetaka kulia alie baadaye.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu nyote, na asitokee mmoja wenu akajenga ukuta katikati ya sebule eti anatenganisha haki yake. Cherehani ni ya wa kati, ingawa inakohoa kuliko mimi. Itie mafuta, itakutumikia kuliko hizo mpya zinazolia kama mbu. Jirani yetu wa mlango wa pili ana gauni lake kabatini, limebaki vifungo vinne na pindo. Limalizieni, mpelekeeni, mwambieni safari hii nimechelewa kwa sababu inayoeleweka.

Sasa hii meli iliyo mezani. Mliambiwa ilivunjika, na wiki iliyopita mlipoiona mkaniuliza imefufukaje, nami nikawaambia ngojeni. Leo ndiyo siku yenyewe.

Baba yenu alikuwa mpishi wa meli ya mizigo, na ilipozama na watu wake wote niliachwa na watoto watatu, mdogo akiwa bado ananyonya, na sikuwa hata na kaburi la kwenda kusimama. Nilikuwa na picha moja ya meli, na barua zake, ambamo alinieleza kila kitu: jiko lilikuwa upande gani, dirisha lake lilitazama wapi, ngazi ipi ilimgonga kichwa kila asubuhi. Nikajiambia, nitaijenga. Nilikuwa na tufe la kioo la taa ya zamani, kubwa kama tikiti, na mdomo wake haupitishi kitu kinene kuliko kidole gumba. Watu hudhani kioo hufungwa baada ya meli kuingia. Siyo. Meli huingia vipande vipande, na milingoti huingia imelala. Nilichonga mbao, nikazipitisha moja moja kwa ndoana niliyoitengeneza kwa spoki ya baiskeli, nikazigandisha humo ndani juu ya bahari ya lakiri, ile nta ya kufungia barua, iliyochanganywa na rangi ya buluu. Na kila mlingoti niliufunga uzi uliotoka nje kupitia ule mdomo, ili nikivuta usimame. Tone moja la gundi likikosea njia, nilishinda kutwa nalifuta kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Miaka miwili, wanangu, kila nilipomaliza kushona nguo za watu.

Siku ya kuisimamisha, mikono yangu miwili haikutosha, na aliyezishika nyuzi ni wewe, kifunguamimba wangu. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nyingine ulizishika kwa vidole, nyingine kwa meno, na milingoti ilipoinuka yote mitatu ukasema, "Mama, baba angegonga kichwa pale." Tukacheka mpaka tukalia.

Ndipo mjomba wenu, ndugu yangu wa tumbo moja, akaja na habari ya maonyesho ya kazi za mikono. Kitindamimba alikuwa na surua, anachemka mwili mzima, nisingeweza kumwacha. Nikaifunga meli kwa blanketi, nikampa kaka yangu, na nikakutuma wewe mkubwa ufuatane naye ili asije akaiangusha. Mlirudi jioni mikono mitupu. "Imevunjika, dada," akasema. "Imenitoka kwenye ngazi za ukumbi." Alilia machozi kabisa. Wewe ulikuwa unatazama sakafu, nami nikakukumbatia, nikidhani unaomboleza kama mimi. Nilimzika baba yenu mara ya pili siku ile.

Baada ya mwezi hivi akaja mteja kupimwa pindo, mke wa mkubwa mmoja wa kampuni ya meli, mama mwema asiye na hila. Nimepiga magoti miguuni pake, pini mdomoni, akaniambia, "Kumbe kaka yako ana mikono ya ajabu! Meli yake tumeiweka kwenye ukumbi wa ofisi, naye amepewa kazi ya kufundisha chuoni. Wenyewe walisita kwanza, wakidhani ameiokota mahali, mpaka binti yako aliposimama akasema amemwona mjomba wake akiijenga tangu ubao wa kwanza."

Nazishukuru zile pini, maana zilinizuia kusema. Nilimaliza pindo lake, likatoka limenyooka.

Usiinamishe kichwa, nitazame. Mjomba wako alikuahidi nafasi katika chuo kile, na ukaipata, na ukasoma, na sisemi hukusoma kwa bidii. Ningekwenda kudai changu, ningekufanya mwongo mbele ya watu, na wewe ulikuwa mtoto wangu. Nikangoja uje mwenyewe. Kila ulipokuja likizo nilikuandalia kitanda chako, nikakaa karibu, nikakuuliza habari za huko, nikanyamaza ili upate nafasi. Ulinieleza habari za walimu. Ulinieleza habari za chakula. Miaka thelathini na mmoja. Kaka yangu aliniibia, na hilo nililimeza kama dawa chungu. Lakini wewe ulizishika zile nyuzi kwa meno yako.

Wiki iliyopita mjomba wenu alikuja na sanduku limejaa matambara, na meli katikati yake. Mzee sasa, fimbo mkononi. "Dada, mlingoti wa mbele umeanguka, na wenyewe wananitaka niurekebishe." Nikamwambia, walete hapa. Akarudi na bwana mmoja wa ofisi ile ya meli, amefunga tai, akakaa kwenye kile kigoda. Nikampa kaka yangu ndoana. "Haya, fundi, simamisha." Alikigonga kioo mara mbili, kisha akaiweka ndoana chini. "Sijui," akasema. "Ni kazi ya dada yangu. Tangu mwanzo ni yake." Yule bwana akageuka kwangu, akauliza, "Na yule binti aliyeshuhudia?"

Nikasema, "Alikuwa mtoto."

Wewe ulikuwa jikoni. Nilisikia bomba la maji likifungwa ghafla. Bwana yule aliniomba radhi kwa niaba ya ofisi, akaiacha meli mezani, wakaondoka. Nikangoja. Ukatoka na kitambaa mkononi, ukaniuliza kama nitakunywa chai.

Ugeuzeni mto huu... hivyo. Ahsante.

Mjomba wenu msimfukuze mazishini. Apewe kiti. Asipewe nafasi ya kusema. Meli ikae kwa kitindamimba, ambaye hakumbuki hata sura ya baba yake. Ndoana na koleo zangu zimo kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda. Hizo ni zako, mkubwa. Sikupi kwa kuwa nimesahau. Nakupa kwa kuwa mlingoti wa mbele bado umelala, mikono yangu imekataa, na hakuna mwingine aliye hai anayejua namna ya kuusimamisha.

Pendaneni. Mkigombana, gombaneni mchana, usoni, yaishe. Radhi zangu mnazo nyote watatu, nimezitoa kwa moyo mweupe, wala sikumwekea yeyote sharti. Mungu awafunike... awape watoto watakaowaambia kweli.

Maji kidogo. Inatosha.

Mkubwa, sogea. Karibu zaidi, sauti inaniishia. Radhi umeshapata, hakuna wa kukunyang'anya, kwa hiyo sikuulizi kwa ajili hiyo. Nataka tu kulisikia kwa mdomo wako, ndugu zako wakiwapo. Nani aliijenga?

Usilie, mama. Jibu.

Nishike mkono, basi... Bado nasikia. Nasikia... sema.