Sigara ya Chaji na Mdomo wa Babu

Benchi lenyewe liko Kamembe, kwenye kona ya kuteremkia sokoni, mbele ya kibaraza anachoshonea Hakimu. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, na wanaokaa upande huo wamezoea kubishana wakiwa wameinama. Nasiba, mke wa Hakimu, huuza hapo kahawa ya tangawizi, na kwa miaka aliyouza amejifunza kwamba mwanamume hununua kikombe kimoja na kusema maneno ya birika zima. Wateja wa kudumu ni wawili. Donatien, mwenye kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu, huitwa Voltage. Vénuste, aliyestaafu kiwanda cha saruji kule Bugarama, huitwa Simenti, na akiitwa hivyo hunyoosha mgongo kama aliyepewa cheo. Siku ile, baada ya swala ya adhuhuri, wawili hao na Hakimu walikuwa wameinamia kitu kimoja juu ya meza ya cherehani: sigara ya chaji. Ilikuwa ya mitindo ile ya kwanza kabisa, nyeupe, nzito kama msumari wa paa, na taa nyekundu kwenye ncha. Huko ilikotoka walishaisahau. Ilipitia Bukavu, ikaja kumalizia uzee wake mdomoni mwa Hakimu.

Nasiba hakuwa na hamu ya kucheka. Alasiri hiyo binti yao Zulaikha alikuwa anatoka hospitali na mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa na kifua dhaifu akawekwa huko wiki nzima na zaidi. Katika ukoo wa Hakimu, tende ya kwanza ya mtoto hutafunwa na babu. Hulainishwa mdomoni mwake, halafu kidogo tu, cha kuloanisha ncha ya kidole, hupakwa kwenye kaakaa la mtoto. Hakimu alipakwa na babu yake, na Zulaikha alipakwa na wa kwake. Lakini Zulaikha alikuwa ametuma neno kutoka wodini: mvuta sigara hatamtafunia mwanangu. Hakimu akaapa kwamba ameacha. Tangu hapo alikuwa akitangaza habari hiyo kwa kila mpita njia, na Nasiba alikuwa akiisikia ikitoka ndani ya wingu.

— Imekufa tena, alisema Hakimu. Nimevuta mara mbili tu, taa ikazimika.

— Haiyakufa, Papa Zulaikha, alijibu Voltage. Imelala. Batri ya zile za kwanza njo iko vile.

— Asubuhi yote ilikuwa kwako inachaji!

— Ilichaji. Shida ni weye. Unaivuta kama muntu anavuta mutumbwi kutoka ziwani. Hii inataka pole pole, kama chai ya moto.

Simenti aliichukua, akaipeleka puani, akairudisha mezani haraka.

— Sha, mbona inanuka kama pasi imeunguza suruali?

Hakimu alianza kutafuta chaki ambayo ilikuwa sikioni mwake. Nasiba akajibu kwa niaba yake:

— Mumuulize ile pamba ya ndani aliitoa wapi.

— Pamba ya ndani iliungua, alisema Hakimu. Ile inakunywa dawa ya maji, ile ya kuvuta. Huku ya kubadilisha haiko. Basi nikatia ingine.

— Ingine gani? aliuliza Simenti.

— Ya mabega ya koti. Niliikata vizuri, hata nikaipiga uzi. Pamba si ni pamba?

— Ile ya mabega ni nailoni! Tangu juzi unavuta koti ya bwana harusi, Papa Zulaikha. Bega ya kushoto umeshaimaliza.

Simenti alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Voltage hakucheka. Mtu akisema vibaya kuhusu chochote chenye waya, Voltage huchukulia kwamba ametukanwa yeye.

— Muko munacheka kitu ya mwanzo, alisema. Simu za mwanzo mulizisahau? Ilikuwa tofali. Ulisema alo, batri ikakufa mbele ya kuambiwa alo. Leo muko nazo mufukoni. Na hii itafika. Sasa inavuja, inaungua, inazimika, sikatai. Lakini mbele kutakuja ile inahesabu yenyewe. Leo inakupa dawa ya sigara kama ulivyozoea, kesho inapunguza, kesho kutwa inapunguza tena, mpaka siku moja unavuta hewa tupu na hata haujui.

Nasiba aliinua macho kutoka kwenye jiko la makaa. Hilo lilikuwa neno la kwanza lenye akili tangu asubuhi. Akammiminia Voltage nusu kikombe bila kuombwa, na papo hapo akajua amekosea, kwa sababu Voltage akipewa kahawa ya bure huona amepewa kura.

— Na batri tutazitupa, aliendelea. Itakunywa gesi ya Kivu. Ile gesi ya chini ya ziwa, unaifunga ndani ya kichupa kidogo hivi.

— Gesi ya ziwa kwenye mudomo? Simenti aliuliza. Na muntu akikohoa?

— Kutakuwa valve.

— Valve si kitu. Kule kiwandani tulikuwa na mifuko ya kuchuja vumbi, mirefu kuliko hii nyumba. Vumbi yote inabakia mule, inje inatoka hewa safi. Basi bazungu batatengeneza midogo. Usiku unaimeza, inateremuka mpaka kwenye mapafu, inachuja. Asubuhi unaitosha inje, unaikung'uta.

— Unaitoshea wapi? aliuliza Nasiba.

— Hiyo ni kazi ya ba-ingénieur, Maman Zulaikha.

— Na haitakuwa ya sigara tu, Voltage alimkatiza, maana alikuwa ameona anapitwa. Dawa zote zitakuwa za kuvuta. Muganga anasimama juu ya mulima na moja kubwa, anapuliza. Vijiji yote ya Gitambi imepata chanjo kwa asubuhi moja.

— Hata ng'ombe?

— Ng'ombe njo ya kwanza.

— Mungu wangu, alisema Nasiba, akaweka birika chini kwa kishindo. Mutoto anakuja leo. Leo, Hakimu! Hakuji ile siku ya ng'ombe ya Voltage. Mudomo yako iko namna gani?

Hakimu alivuta pumzi kama shahidi kortini.

— Moshi nimeacha. Hii ni mvuke. Mvuke ni maji. Hata birika yako iko inavuta.

— Birika yangu haitemi mate nyuma ya mulango.

Lakini kilichomuudhi zaidi Nasiba ni kwamba mumewe hakuwa anadanganya sawasawa. Sigara ya moto kweli hakuigusa tangu mtoto azaliwe. Mashati yake yalikuwa yameanza kunuka sabuni. Kikohozi cha alfajiri, kile alichokizoea kama jogoo, kilikuwa kimepungua. Uongo mtupu angeujibu kwa neno moja. Huu wa nusu ulikuwa unamchosha.

Voltage aliunga kidude na betri yake ya mfukoni, taa nyekundu ikawaka, wanaume wakaipongeza. Hakimu akakinyanyua kwa heshima ili aonyeshe jinsi kilivyo kisafi. Akavuta pole pole, kama alivyofundishwa. Kikalia krokrokro. Macho yakamtoka. Akainama pembeni ya benchi, akatema, akatema tena, akajifuta ulimi kwa mkono wa shati.

— Imeniingia! Ile maji imeniingia! Ulimi inaungua!

— Ni défaut, kasoro ya zile za mwanzo, alisema Voltage kwa utulivu. Zinavuja. Mbele hazitavuja.

Taksi ilisimama pale pale, na Zulaikha, aliyezisikia kelele hizo dirishani, akashuka na mtoto aliyefungwa kitenge mpaka kwenye kidevu. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesikiliza pumzi ya mwingine usiku baada ya usiku. Alimsalimu mama yake, akawaamkia wazee, akamtazama baba yake aliyekuwa bado anapangusa midomo. Halafu akaona taa nyekundu mezani.

Hapo wote wakasema kwa pamoja. Hakimu alisema ameacha, Nasiba ni shahidi. Voltage alisema hii si moshi, ni mvuke, na mbele itakuwa inajihesabia yenyewe. Simenti alisema hata vumbi ya saruji ni mbaya zaidi na yeye hapa yuko hai, akakohoa. Zulaikha aliwaacha wamalize. Alikuwa akimtikisa mtoto taratibu, na hasira haikuwamo usoni mwake. Alitaka tu kujua.

— Papa, ile maji iko mule ndani. Ile imekuingia kwenye ulimi. Naweza kumupakia mutoto kwenye mudomo?

Voltage alitazama waya zake. Simenti akainama kutafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani. Nasiba alikuwa na jibu, tena alikuwa nalo tangu juzi, lakini aliuma meno. Hakutaka kumsaidia Hakimu, wala kumkandamiza. Hakimu akanyanyua kidude, akakitikisa, akakisogeza karibu na macho kana kwamba jibu limeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo. Kikamdondokea tone moja kwenye kidole.

— Hapana, alisema.

Akafuta kidole kwenye suruali, akaingia ndani, akarudi na tende iliyofungwa ndani ya kipande cheupe cha bitana. Akampa mkewe bila kumtazama.

— Tafuna weye.

— Ni kazi ya babu, alisema Nasiba. Alishangaa kusikia sauti yake imekuwa ndogo.

— Najua ni kazi ya nani. Tafuna.

— Na umechagua leo njo uwe muntu wa kweli, alisema kwa ukali, maana bila ukali angelia mbele ya Simenti. Alisukutua maji mara kadhaa, akatafuna tende mpaka ikawa laini kama uji, akaloanisha kidole.

Mtoto alihitaji kushikwa kichwa. Zulaikha alisita, kisha akamsogezea baba yake. Hakimu aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, akakipokea kile kichwa kidogo kwenye viganja viwili. Voltage akaanza kusema kitu kuhusu miaka ijayo, Nasiba akamkata jicho mara moja tu, Voltage akarudi kukunja waya zake. Kidole kikaingia, mtoto akakunja uso, akaanza kunyonya. Na Hakimu, ambaye alikuwa ameisubiri saa hiyo tangu binti yake aolewe, alikuwa ameufumba mdomo na kuugeuza uso wake upande wa barabara, ili pumzi yake ipite mbali.