Maisha ya Baba Yetu, na Ukweli Kuhusu Oili ya Difu

Baba yetu, ambaye madereva wenzake walimwita Ya Juu Kwanza, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mpasua mbao, na mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Marehemu bibi alipenda kutusimulia kwamba cherehani hiyo ndiyo mashine ya kwanza baba kuifumua. Alikuwa na miaka sita. Aliipanga vipande vipande sakafuni, akairudishia, ikabaki skrubu moja. Alichapwa, lakini cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu alikuwa moto. Mwandiko wake ulikuwa balaa. Mwaka 1973 aliingia chuo cha ufundi, fani ya magari makubwa, akamaliza Desemba 1974 akiwa wa pili katika darasa la watu kumi na tisa. Aliyekuwa wa kwanza yupo hapa leo, naye amekiri mbele yangu asubuhi hii kwamba alimwangalizia.

Machi 1976 aliajiriwa udereva katika kampuni ya kusafirisha saruji, na huko ndiko alikopata jina lake. Kwa wasiojua, difu ni lile tufe la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Lina oili yake na nati mbili: ya chini ya kumwagia oili chafu, ya juu ya kujazia mpya. Mwaka wake wa kwanza kazini, baba alifungua ya chini, oili yote ikamwagika, ndipo akagundua ya juu imekamatwa na kutu, haizunguki kwa spana wala kwa nyundo. Lori likalala siku tatu na saruji yake mgongoni. Tangu siku hiyo hakugusa nati ya chini kabla hajahakikisha ya juu inafunguka, na hakuna dereva aliyepita mikononi mwake ambaye hakuimbishwa somo hilo. Hata mume wangu alipokuja kujitambulisha nyumbani aliulizwa, "Kijana, ukitaka kumwaga oili ya difu unaanza wapi?" Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa jiografia, akajibu, "Naanza kwa kumpigia simu fundi." Baba alicheka mpaka akafuta macho, akasema huyu angalau si mwongo.

Tarehe 19 Juni 1982 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa karani wa vibali vya safari katika kampuni ileile. Wanaojua oili ya difu wanajua harufu yake, inavyong'ang'ania ngozi hata ukisugua na sabuni ya unga. Mama anasema alimwambia achague, yeye au oili, na baba akamjibu, "Subiri nioge kwanza." Walijaliwa watoto watatu: mimi ninayesoma, ambaye ni binti yake na mzaliwa wa kwanza, na wadogo zangu wawili wa kiume.

Mwaka 1998 aliacha kazi ya kuajiriwa, akanunua lori lake, kuukuu, na akaliendesha miaka ishirini na tatu. Halikulala njiani kwa sababu ya difu hata mara moja. Kila sevisi alitandika boksi chini, akajilaza chali. Alifungua nati ya juu, akatia kidole kuona oili imefika wapi, akaisugua oili kati ya vidole viwili, akainusa. Nati ya chini ina sumaku, na aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, kipande chenye ncha ni habari mbaya. Akishafunga, alichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye mwili wa difu. Nati ikizungushwa na mtu yeyote, mstari unakatika. Alifanya hivyo kwa kila nati aliyoijali, na tulimtania sana kwa hilo.

Hapa ndipo ningependa kuruka niende moja kwa moja kwenye ugonjwa, kama wasifu mwingi unavyofanya. Sitaruka. Tangu msiba huu uanze nimepita kwenye viti nikigawa chai, nimesikia kwa masikio yangu: "Mzee alijichezea difu mwenyewe. Ubishi ndio umemmaliza." Walioyasema wamo humu, na chai yangu walikunywa.

Februari 2022 familia ilinunua lori jipya. Wazo lilikuwa langu. Lilikuja na waranti, yaani dhamana ya kutengenezewa bure likiharibika, na waranti ilikuwa na sharti: sevisi zote zifanyike kwenye karakana ya kampuni iliyotuuzia, na mtu mwingine asifungue chochote. Mimi ndiye niliyemwekea baba sharti hilo mezani na kumwambia zama zake zimepita. "Baba, wale wana kompyuta, wana mafundi wenye vyeti. Wewe una boksi." Hakukasirika. Siku lori lilipoingia uani alichukua kopo la rangi, akachora mistari yake miwili kwenye difu bila kulegeza kitu. "Sijafungua," akaniambia. "Nimesalimia tu."

Tarehe 16 Oktoba 2023 tulilipeleka kwa sevisi kubwa, pamoja na kubadilisha oili ya difu. Tulikaa kwenye viti vya ngozi, tukaangalia televisheni. Baadaye msimamizi wa karakana, kijana mwenye shati jeupe lisilo na hata doa, akaleta kitabu cha sevisi chenye mhuri: oili ya difu imebadilishwa. Baba akaomba aone lori kwanza. Akainama chini yake, akakaa huko kitambo, akatoka.

"Hamkufungua difu," alisema.

"Mzee, sisi tunafyonza oili kwa mashine."

"Sawa. Mashine imepitia wapi? Nati zote mbili mistari yangu ni mizima."

Kijana alitabasamu kwa namna ambayo sitaisahau, akanigeukia mimi badala ya baba. "Dada, mzee anahitaji kupumzika." Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu naye. Baba alikataa kusaini kwamba ameridhika na kazi. Akatoka kwenda kusimama kwenye lori. Kitabu kilisainiwa mezani pale, kwa jina la mwenye lori, tukaondoka.

Siku mbili baadaye nilimkuta chini ya lori anamulika mistari ile kwa tochi. Nilimpiga picha, nikaituma kwa wadogo zangu na maneno haya: "Mzee anahojiana na nati." Tulicheka familia nzima. Picha hiyo ninayo, ina tarehe, na mistari inaonekana haijakatika.

Februari mwaka huu aliniambia difu inatoa jasho, oili inapenya kwenye sili ya mbele, ule mpira unaoizuia isitoke. Alitaka jambo dogo tu. "Mwanangu, niache nifungue ya juu, nitie kidole. Kidole kimoja. Nikikuta imejaa nanyamaza." Nikamwambia akifungua waranti imekufa. Nikapiga simu karakana, wakatupangia tarehe 11 Machi. Baba akaurudisha mkono wake mfukoni. Mtu aliyekuwa ametia kidole kwenye difu maisha yake yote alinitii mimi, ambaye sijawahi kushika spana.

Tarehe 4 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa peke yake na mzigo wa vigae, difu ilikaba ghafla. Magurudumu ya nyuma yalisimama, lori likapinda, likalala mtaroni. Difu ilipofunguliwa ilikuwa kavu, na meno ya gia yameungua mpaka yamegeuka bluu. Baba alivunjika nyonga na mbavu. Alilazwa wodi ya majeruhi, kitanda cha dirishani, siku ishirini na tatu. Wauguzi walimpenda kwa sababu aliwatengenezea gurudumu la kitoroli cha dawa kwa maelekezo tu, akiwa amelala. Maambukizi yaliingia kwenye mapafu. Alifariki tarehe 27 Machi 2024, saa tisa alasiri, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Juzi tulipokea barua ya kampuni. Inasema oili ilipotea kwa sababu mteja alifungua difu mwenyewe, na kwamba rangi nyeupe kwenye nati ndiyo ushahidi kuwa aliichezea. Mstari aliouchora ili ajue nani kafungua, ndio wameufanya ushahidi kwamba kafungua yeye. Kisha inasema kwamba mteja alikiri, mbele ya mkaguzi wao, kuwa ndiye aliyesaini kuridhika na sevisi. Pamoja na barua walileta shada la maua. Nimelirudisha getini.

Mkaguzi huyo alikuja wodini tarehe 14 Machi. Nilikuwepo. Aliweka kitabu cha sevisi juu ya shuka, akauliza, "Hii sahihi ni ya nani?" Nilifungua mdomo. Baba aliniwahi. "Ni yangu," alisema. Mkaguzi akaandika, akashukuru, akaondoka. Nilimuuliza baba kwa nini amejiharibia. Akasema, "Mimi naondoka. Wewe utabaki na mama yako na baba zako wadogo. Hawatakusamehe." Kisha akaomba maji.

Alikuwa amelala kwenye lori wakati nasaini. Hapana, hata hapo nitasema sawasawa: alikuwa amesimama kwenye lori, ananisubiri, ameshasema hapana. Nilisaini mimi, jina lake, kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa na haraka na ubishi wake ulinitia aibu.

Mama alikuwa hajui. Karatasi hii nilimpa aisome kabla haijapelekwa kuchapwa. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Nikamwambia naweza kuitoa hiyo sehemu. Akasema, "Isome hivyohivyo. Isome kwa sauti." Tangu hapo hajazungumza nami, na simlaumu.

Marehemu hakufungua difu ile. Hakusaini kitabu kile. Picha yangu na maelezo yangu yameshapelekwa kwa kampuni na polisi, na nakala iko kwa mjomba kwa yeyote anayetaka kuiona.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na ndugu wanne walio hai. Mtoto mmoja kati ya hao watatu aliishi siku kumi na tatu akifichwa na uongo wa baba yake, na alikaribia kumwacha azikwe nao, mpaka alipofika kaburini hapa.

Apumzike kwa amani, na lawama aniachie mimi.