Stabilaiza Nene ya Gari la Kona

Benchi la gereji ya Spana ni kiti cha nyuma cha basi, kiling'olewa zamani kikaegemezwa ukutani. Sponji imekwisha, na kila mwenye makalio yake amechimba shimo lake. Ole wako ukikaa shimo la mwenzio. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Spana mwenyewe, ambaye ni fundi makenika; Cheche, mchomeleaji wa jirani; na Kinyozi, ambaye hajawahi kufungua nati lakini ana jibu la kila kitu. Shimo la nne lilikuwa la Kona, na tangu azikwe halikaliwi. Gari lake jekundu lililopauka lilikuwa mbele yao, juu ya stendi. Binti yake, muuguzi, alikuwa amelinunulia stabilaiza mpya ya nyuma, ule ufito wa chuma unaozuia gari lisilale kwenye kona, nene kuliko ya zamani, kwa sababu marehemu aliitamani mpaka mwisho. Alitaka kupandisha nalo mlima kwa njia ileile ya baba yake, tena leo hii. Spana alikuwa na hofu, na hakuificha.

— Funga boliti zako, mtoto aondoke, — Cheche alisema akijimiminia kahawa. — Kazi ya nusu saa unaigeuza ujenzi wa daraja.

— Nusu saa ya kumuua, — Spana akamjibu. — Stabilaiza ikinenepa, inavuta kwa nguvu zaidi pale inaposhikwa. Umeyaona hayo masikio yanayoishika kwenye fremu ya nyuma? Bati jembamba! Kona moja kali tu, yanachanika na fremu inapasuka. Nataka uyachomelee sahani za chuma, kushoto na kulia.

— Sawa, nachomelea mkupuo mmoja, mwanzo mwisho.

— Thubutu! Fremu ikipinda kwa moto, gari litembee upande upande kama kaa? Unachoma kidogo huku, unaacha ipoe, unahamia kule. Na mipira yote naitoa kwanza, usije ukanikaangia.

Kinyozi alikohoa, kikohozi cha mtu anayeomba jukwaa.

— Mnahangaika bure. Kona hakuhitaji stabilaiza. Stabilaiza ilikuwa yeye. Mwamba alikuwa anaegemea upande wa pili, gari linanyooka. Mnadhani kile kitambi alikipata kwa bahati mbaya? Alikifuga!

— Acha uongo wewe, — Spana akadakia.

— Uongo? Mimi ndiye niliyekuwa namnyoa. Shingo yake upande mmoja ilikuwa nene kuliko mwingine. Kona za kushoto zile!

Cheche naye hakukubali kuachwa nyuma.

— Siyo kitambi, ni pumzi. Akiikaribia kona anavuta pumzi, gari linakuwa jepesi. Akishatoka, anashusha. Muulize mtu yeyote.

— Basi mwekeeni binti puto kwenye buti, — Spana akasema, na wote wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Kicheko kilipoisha, kila mtu akawa anautazama mlima. Jumamosi za zamani zilikuwa tamu, jamani. Kona alikuwa anasimama hapa kidogo, anapiga honi mara mbili, anapotea juu. Wao wanabaki na vikombe mkononi. Wanasikia gia ya tatu, ya pili, halafu kimya kidogo, halafu matairi yanalia kwenye ile kona kali ya juu. Hapo Kinyozi anasema, "Kaimaliza!" na wote wanakunywa. Spana alizikumbuka siku hizo. Alimpenda sana yule mtu.

Binti akafika akiwa bado na sare za kazini.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu.

Bila kujua, akakaa kwenye shimo la nne. Hakuna aliyemwinua. Spana akamweleza habari ya masikio na sahani za chuma, akitarajia ubishi.

— Basi nitasubiri, baba mdogo, — binti alisema. — Hata likikaa wiki. Nyie ndio mnaojua. Baba alikuwa anasema benchi lote hili liliijua ile kona kuliko yeye.

— Kabisa! — Kinyozi alivimba kichwa.

— Mimi alikuwa ananiacha nyumbani, anasema nikue kwanza. Nimekua, naye kaondoka. Sasa niambieni kitu kimoja tu. — Akawageukia wote watatu. — Akiwa katikati ya kona, uso wake ulikuwaje? Alikuwa anacheka, au anauma meno?

Kinyozi akainamia kikombe chake. Cheche akamtazama Spana, na Spana akatazama gari.

Yeye ndiye aliyelala chini ya gari lile miaka yote. Angeweza kuifunga kila nati yake akiwa amefumba macho. Lakini ndani yake, kule juu, hakuwahi kukaa. Kati yao hakuna aliyewahi.

— Cheche, wewe? — binti aliuliza taratibu.

— Mimi... siku zile nilikuwa na kazi nyingi.

Binti akamgeukia Spana, akisubiri.

— Sijui, mwanangu, — Spana akasema. — Kila Jumamosi alikuwa ananifungulia mlango, ananiambia panda twende. Nami nilikuwa namjibu, wiki ijayo.