Mama Kimya na Kilima Kilichokodishwa

Ndugu waombolezaji, kabla hatujaanza kusoma, familia inawaomba mzime simu zenu, mzizime kabisa na si kuziondolea sauti tu, na wageni waliotoka chuo kikuu waanze wao, sababu wataisikia humu humu.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kimya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya watano, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mabehewa ndiyo yaliyomfanya achukie kelele tangu akiwa mgongoni. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1984 akahitimu shahada ya fizikia, walimu wake wakamshauri akafundishe, yeye akang'ang'ania nyota.

Tarehe 1 Julai 1986 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa nyota, inayoendeshwa na chuo kikuu kwa fedha za serikali, pale kilimani kwenye dishi kubwa. Kwa wasioijua kazi hiyo, dishi lile haliangalii nyota, linazisikiliza, na masikio yake ni makali kiasi kwamba simu moja ya mkononi, au cheche za mashine ya kuchomelea kule bondeni, zinatosha kuifunika nyota nzima. Alikabidhiwa nyota moja inayopiga kama moyo, aifuatilie mwaka hadi mwaka bila kukatiza, ndiyo maana nyumbani kwake hapakuwa na simu, na mama yetu alipofariki ilibidi tumtume mtu apande kilima kwa miguu, dada akafika tumekwisha kuzika. Tulimnunia, na hatuoni haya kulisema leo.

Mwaka 1991 alishuka bondeni kumwomba fundi mmoja wa kuchomelea asiwashe mashine baada ya saa kumi na mbili jioni, fundi akamuuliza basi yeye atakula nini, wakabishana mlangoni mwa karakana wiki nzima, na ubishi ule ukaishia kwenye ndoa, iliyofungwa tarehe 22 Agosti 1992, mchana. Tangu hapo shemeji yetu hakuchomelea tena jioni, wateja wakamkimbia, nasi tukamtania kwamba ameoa dishi. Walijaliwa binti na mvulana, waliokua wakigombana kwa kunong'ona.

Tarehe 3 Aprili 2017 chuo kikuu kilikodisha ubavu wa kilima kwa kampuni ya simu, mnara ukasimikwa karibu na dishi, na nyota aliyoisikiliza nusu ya maisha yake ikapotea siku ile ile mnara ulipowashwa. Alikwenda kwa mkurugenzi, akajibiwa hivi: "Mama, nyota zipo tu, haziendi popote, tulia." Kibao cha maabara hakikung'olewa, wageni waliendelea kuoneshwa dishi, na kila mwaka serikali iliandikiwa kwamba utafiti unaendelea vizuri. Huo ni uongo, tunausema mbele ya waliouandika. Dada yetu alikataa kuutia saini, akanyang'anywa ofisi, akapewa meza katika stoo ya viti vibovu.

Shinikizo la damu lilimwanza humo stoo, na tarehe 11 Novemba 2022 alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi, lakini kidole chake kiliendelea kugonga ukingo wa kitanda kwa mwendo mmoja, na mumewe peke yake ndiye aliyetambua kwamba ni mapigo ya nyota ile. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023, mumewe akiwa amekishika kidole hicho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa bondeni waliozima mashine zao miaka yote kwa hiari, na wafanyakazi wenzake wachache waliothubutu kumtembelea stoo. Ratiba mliyonayo inaonesha salamu za mkurugenzi, familia imezifuta, na muda wake tutakaa kimya, kitu pekee ambacho dada yetu alikiomba akanyimwa.

Uzio wa kaburi mtauona una upande mmoja wazi, shemeji yetu alikuwa akiuchomelea jana, ikafika saa kumi na mbili jioni, akazima mashine.

Dada yetu, leo wamezima wote. Pumzika kwa amani.