Kanzu ya Ziada

Itifaki inasema nianze na Mchungaji. Aliyeiandika hakuwa na mama mkwe ukumbini. Kwa hiyo nasema: Mama mkwe wangu, uliyeketi kiti cha mbele na fimbo yako magotini, shikamoo. Mchungaji wetu kiongozi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa mashemasi. Ndugu mashemasi, mlio macho na mnaosinzia. Viongozi wa akina mama. Wanakwaya, mlioombwa wimbo mmoja na ninajua mmeandaa nne. Ndugu wageni waalikwa kutoka makanisa jirani. Na wewe mke wangu, mwalimu wa darasa la ubatizo, ambaye tangu Alhamisi unaongea nami kwa kuniandikia vikaratasi. Bwana asifiwe!

Mmeitikia kama watu walioona masufuria yamefunikwa pale nyuma. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa tuko pamoja.

Mimi ni fundi bomba. Kwa miaka thelathini na moja nimekisimamia kisima cha ubatizo, hiki kilicho chini ya mbao za jukwaa nililosimama juu yake. Wageni wetu huenda hawafahamu: sisi Wabaptisti hatunyunyizi. Tunazamisha, mtu mzima, utosi hadi nyayo. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nafunua mbao, nasugua, najaza maji, Jumapili nasimama pembeni na taulo, Jumatatu nakausha. Leo mnaniaga, na spana yangu namkabidhi dada yetu fundi, ambaye ndani ya wiki moja ameuziba ufa ambao mimi nimeuita mapenzi ya Mungu kwa miaka minane. Dada, karibu kazini, na pole.

Mnajua faida ya kusimama na taulo? Ninyi mnajuana mkiwa mmevaa tai. Mimi nawajua mkitoka majini. Mheshimiwa Mwenyekiti wa mashemasi, ni nani hakumbuki siku yako? Ulimkamata Mchungaji wa zamani shingoni mkazama wote wawili, na yule mzee, Mungu amrehemu, akasema sasa yeye amebatizwa mara mbili na aongezewe likizo. Mwalimu wa kwaya, maji baridi yalipokufika kiunoni ulitoa sauti ya juu ambayo mpaka leo hujaifikia tena, ingawa kila Jumapili unajaribu na sisi tunavumilia. Na wewe Mchungaji, ulikuwa na miaka kumi na minne, meno yanagongana. Nilikufunika taulo, ukaniuliza, "Fundi, na wewe siku yako ulitetemeka hivi?" Nikakujibu, "Kaza miguu, usiteleze." Jibu hilo liwekeni kiporo, tutalipasha moto baadaye.

Na mama mkwe wangu je? Huyu ndiye mtunza kanzu nyeupe za ubatizo tangu kabla sijaoa kwake. Anazifua, anazipiga pasi, anazikunja. Mama huyu hakosei. Akisema viti vimepungua viwili, vimepungua viwili. Lakini kwenye kanzu, loo! Wakibatizwa saba, analeta kanzu nane. Wakibatizwa kumi na wawili, analeta kumi na tatu. Namwambia, "Mama, imezidi moja." Ananitazama juu ya miwani, ananiambia, "Irudishe kama ilivyo." Miaka yote hiyo nimerudisha kanzu moja kavu, yenye mikunjo yake, nacheka kimoyomoyo kwamba kumbe na mama naye hupigwa chenga na hesabu.

Sasa, Katibu wetu sauti imemkauka, ameniomba nisome na matangazo ya wiki. Nayasoma. Jumanne saa kumi jioni, darasa la ubatizo, chumba cha nyuma, kila mtu na daftari lake. Jumatano akina mama watawatembelea wagonjwa. Mnaombwa msikae sana, mara ya mwisho mgonjwa alipona ili muondoke. Alhamisi ni usafi wa kanisa. Vijana mnaosema mna mitihani, tunajua shule zimefungwa. Ijumaa mazoezi ya kwaya saa kumi na moja kamili, maana yake saa moja. Jumapili ijayo ni ubatizo. Watabatizwa watu wanane.

Naona karani wa washirika anahesabu kwa vidole. Ndugu yangu, hujakosea. Kwenye ubao pale nje kuna majina saba. Kwa utaratibu wetu mtu hashuki majini mpaka atoe ushuhuda wake mbele ya washirika, nao wamkubali kwa kunyosha mikono. Saba hao mlishawasikiliza mkawakubali. Wa nane alikuwa bado. Anautoa sasa hivi, na nusu mmeshaisikia.

Wa nane ni mimi.

Naam. Kaeni, kaeni. Mwenyekiti, shusha miwani yako taratibu. Miaka thelathini na moja nimejaza maji ya watu, na mimi mwenyewe sijawahi kuzamishwa.

Mtauliza, ilikuwaje? Nilikuwa kijana, fundi mwenye baiskeli moja na mapenzi mengi. Nilimpenda binti wa mtunza kanzu. Nikaenda nyumbani kwao, nikakaa kwenye ukingo wa kiti, na mama akaniambia mbele ya watu, "Binti yangu haolewi na mtu mkavu. Kaoshwe kwanza." Nikasoma darasa la ubatizo mwaka mzima. Na naapa mbele yenu, niliamini. Hilo sikudanganya, si siku ile wala leo.

Siku ilipofika tulikuwa tisa, na mimi wa tisa, wa mwisho mstarini. Mchungaji wa zamani alivua miwani, kama ilivyokuwa desturi yake, na bila miwani yule mzee hakuweza kutofautisha mtu na nguzo. Akawazamisha wanane. Alipomtoa wa nane, tukasikia kisima kinagugumia. Koki ya chini imeachia! Maji yanakimbilia chini ya sakafu, kwaya wanaimba, na mimi ni fundi bomba. Ningefanyaje? Nikavua kanzu, nikaitundika kwenye msumari, nikatambaa chini ya jukwaa na suruali yangu ya kazi. Nililala kwenye tope, maji yananimwagikia kichwani, masikioni, mdomoni, mpaka nikaikaza ile koki. Nilipotoka, kisima kilikuwa kitupu, Mchungaji ameenda kubadilisha nguo, na mimi nimelowa kuliko wale wanane wakijumlishwa.

Watu waliniona, wakanirukia. "Haleluya! Huyu amezama kweli!" Karani wa siku hizo akaweka alama tisa. Nikafungua mdomo niseme jamani, bado mimi. Ndipo nikamwona mama, kule kwenye kona ya kanzu, ananitazama na kutabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitabasamia. Nikafunga mdomo.

Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata ikawa ya barua ya posa. Mwezi uliofuata ikawa harusi. Halafu mkanipa usimamizi wa kisima, eti kwa sababu nilikiokoa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na moja, na kila mwaka ninyi wenyewe mlikuwa mnanitengenezea barabara.

Lakini sikilizeni, maana hapa sitanii. Mmesimama leo mmoja baada ya mwingine mkanisifu kwa bidii. Mmesema fundi huyu hata wakati wa Meza ya Bwana hutoka nje kukagua bomba. Mlipokuwa mnasifu nilitamani nizame kwenye hicho kisima kikiwa kitupu. Kila mwezi, mkate ukianza kupita, mimi nina koki ya kukagua. Haikuwa bidii, ndugu zangu. Nilikuwa nakimbia. Nilijiambia, nimewadanganya watu, hapa mezani sitadanganya. Nikasimama nje kwenye bomba lisilovuja, nikisikiliza mnavyokula pamoja, na mke wangu ameniwekea nafasi pembeni yake. Nimeona uchungu, tena sana.

Alhamisi, dada yetu fundi alikuwa ananisaidia kupanga kabati la vifaa. Akaniuliza tu, hana hili wala lile, "Baba, wewe ulibatizwa kwa bomba hili au lile la zamani?" Nikataka kumwambia kaza miguu usiteleze. Nikaweka spana chini nikaenda nyumbani kumwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Alikunja zote, akamaliza, akakunja na zile zilizokwisha kukunjwa. Kisha akasema, "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wewe uliyavulia, ukayaacha." Nikamwuliza, na mama nitamwambiaje? Akasema, "Mama utamwambia mwenyewe. Mimi simo." Tangu hapo ni vikaratasi. Mchungaji naye nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akafuta machozi akasema utaratibu ni ule ule kwa kila mtu: ushuhuda, halafu mikono.

Basi nimeutoa. Mama, nakuomba radhi. Ulinipa binti yako kwa sharti moja, na sharti hilo nililikwepa. Ndugu washirika, nawaomba radhi nanyi. Mkikataa, nitakaa darasani hata mwaka mwingine. Mkikubali, Jumapili ijayo nitashuka. Naomba Mwenyekiti asimame aulize.

Subiri, Mwenyekiti. Mama ameinua fimbo. Naam, Mama? Hana kipaza sauti, ngoja niwarudishie maneno yake. Anasema... anasema alijua.

Anasema siku ile alitoa kanzu tisa, zikarudi mbichi nane. Moja aliikuta kwenye msumari, kavu, hata mikunjo ya pasi haijapotea. Anasema anayefua nguo hadanganywi.

Mama, sasa binti yako ulinipaje? Anasema binti alimpa yule aliyelala kwenye tope kwa ajili ya kanisa ambalo lilikuwa bado si lake. Anasema tope aliliona masikioni. Na hilo la kuoshwa, alijiambia atasubiri.

Kwa hiyo Mama, zile kanzu zilizokuwa zinazidi...

Ndugu zangu, nipeni dakika moja.

Anasema ilikuwa moja tu. Ni ile ile. Kila ubatizo aliifua, akaipiga pasi, akaileta, akisema labda leo. Na mimi nilikuwa nairudisha huku nacheka! Mama, mbona hukusema hata siku moja? Anasema, "Ushuhuda hautolewi na mama mkwe."

Haya. Mwenyekiti, uliza, kabla sijawaharibia sherehe. Wageni waalikwa, msinyoshe, ingawa nawashukuru kwa nia. Wanaokubali... Mwenyekiti, fimbo inahesabiwa? Inahesabiwa. Basi huo ni mkono wa kwanza. Naona karani. Naona kwaya yote, pamoja na yule wa sauti ya juu. Mashemasi waliosinzia, waamsheni nao wanyoshe. Mke wangu hajanyosha, anaandika. Kikaratasi kinakuja, kinapita kwa Mchungaji, kimefika. Kinasema, "Jumanne, saa kumi. Usisahau daftari." Na mkono wake, mmeuona, uko juu.

Dada fundi, kazi yako ya kwanza ni mimi. Maji nakuomba yawe ya uvuguvugu. Najua wengine wote niliwajazia ya baridi, na naona nyuso kadhaa hapa zinafurahi kupita kiasi. Mchungaji, ukiniuliza kama natetemeka, nitakujibu vizuri safari hii. Na Jumapili hiyo, baada ya ubatizo, mkate ukianza kupita, mke wangu, ile nafasi pembeni yako asikae mtu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama, na ninyi nyote asanteni kwa kunisikiliza nikiwa bado mkavu.